Kifo cha Pili cha Roger Ackroyd: Runinga Ilivyomnyang'anya Msimulizi Kalamu

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuishtaki sehemu moja tu ya mfululizo mmoja wa runinga. Sehemu yenyewe ni ile iliyotokana na riwaya ya Agatha Christie, The Murder of Roger Ackroyd, na ambayo ilionyeshwa na ITV nchini Uingereza mnamo Januari 2000. Mfululizo wenyewe ni ule wa Poirot, ulioanza mwaka 1989 na kukamilika mwaka 2013 baada ya sehemu 70, David Suchet akiigiza mpelelezi Hercule Poirot tangu mwanzo hadi tamati.

Mwandishi wa makala haya ni mpenzi wa mfululizo huo na haoni haya kulisema hilo katika jarida la kitaaluma. Hasimu hukilaumu kitu asichokijua. Mpenzi hulaumu kwa kuwa amekwisha kuona, mara nyingi na katika sehemu nyingine za kazi ile ile, jambo gani lingewezekana. Clive Exton, aliyeiandika sehemu tunayoishtaki, ndiye aliyeiandika sehemu ya kwanza kabisa ya mfululizo mwaka 1989, na ni yeye aliyeupa mfululizo huo sehemu kubwa ya ucheshi wake na mwendo wake. Hatusemi, basi, kwamba kazi hii iliharibiwa na mtu asiyejua kuandika. Tunasema kwamba mwandishi hodari alikifikia kisima akakifukia, na kwamba namna alivyokifukia inatuhusu sisi tunaofundisha fasihi.

Hatuwezi kuendesha mashtaka haya bila ya kumtaja muuaji. Msomaji ambaye hajaisoma riwaya na aiweke kando makala haya, akaisome kwanza, kisha arejee. Hatapungukiwa na kitu kwa kuchelewa kutusoma. Atapungukiwa na mengi kwa kutusoma mapema.

Kosa lililotendwa ndani ya sentensi

Riwaya ilichapishwa mwaka 1926. Katika kijiji cha King's Abbot, Bi. Ferrars amefariki kwa kunywa dawa ya usingizi kupita kiasi. Tunakuja kujua kwamba alikuwa amemtilia mumewe sumu, na kwamba mtu fulani aliyeijua siri hiyo alikuwa akimtoza fedha asimfichue. Kabla ya kufa anamwandikia Roger Ackroyd, tajiri aliyetaka kumwoa, barua ya kumtaja mtu huyo. Usiku huo huo Ackroyd anachomwa kisu chumbani mwake. Hercule Poirot, ambaye amestaafu na kuja kijijini hapo kulima mamumunye, anaombwa aichunguze kesi. Habari zote tunasimuliwa na Dkt. James Sheppard, tabibu wa kijiji, mseja wa makamo anayeishi na dada yake Caroline. Muuaji ni huyo huyo anayetusimulia.

Ukiueleza msuko kwa namna hii, utadhani kwamba ubora wa riwaya umo katika mshangao wa mwisho. Sivyo. Mshangao ni wa mara moja, ilhali riwaya hii husomwa mara ya pili kwa raha kubwa kuliko ya kwanza. Sababu ni kwamba mauaji yametendeka mbele ya macho yetu, katika aya tuliyoisoma kwa utulivu. Sheppard anatueleza kwamba barua ililetwa saa mbili na dakika arobaini za usiku, na kwamba alimwacha Ackroyd saa tatu kasoro dakika kumi, barua ikiwa bado haijasomwa. Anaongeza kwamba alisita mlangoni, akatazama nyuma, akajiuliza kama kuna jambo alilolisahau. Kila neno hapo ni kweli. Hakuna uongo hata mmoja ambao msomaji anaweza kumshtakia. Kilichopo ni dakika kumi zisizosimuliwa, na katika dakika hizo Ackroyd amekufa.

Wananadharia wa usimulizi waliiona thamani ya jambo hili mapema. Roland Barthes aliitaja riwaya hii mwaka 1953 alipokuwa akiichambua nafsi ya kwanza na nafsi ya tatu katika riwaya. Wayne Booth alitupa mwaka 1961 istilahi ambayo sasa kila mwanafunzi anaijua, ya msimulizi asiyeaminika. Gérard Genette naye, mwaka 1972, aliutumia mfano wa Ackroyd kufafanua paralipsi, yaani hali ambapo msimulizi anaruka jambo ambalo, kwa nafasi yake, hawezi kuwa halijui. Ni nadra riwaya ya upelelezi kuingia katika vitabu vya nadharia kwa mlango wa mbele namna hii. Hii iliingia kwa sababu kosa la jinai na mbinu ya kifasihi ni kitu kimoja ndani yake. Ukiiondoa mbinu, hubaki na kosa. Unabaki na maiti tu.

Inafaa pia tukumbuke Sheppard amekalia kiti cha nani. Katika The Mysterious Affair at Styles ya mwaka 1920 na The Murder on the Links ya mwaka 1923, msimulizi alikuwa Kapteni Hastings, rafiki wa Poirot, mtu mwema asiye na hila, anayekosea kila mara lakini kwa moyo safi. Katika riwaya yetu Hastings yuko Argentina. Poirot anamkosa rafiki, na tabibu anajitokeza kumshika mkono. Msomaji wa 1926 hakumchunguza Sheppard kwa kuwa hatukichunguzi kiti. Tunamchunguza tu anayeletwa mbele ya kiti. Imani tuliyompa Hastings ilirithiwa na Sheppard bila ya mkataba mpya. Wahenga wetu walikwisha kulisema hilo kwa maneno machache: kikulacho ki nguoni mwako.

Jambo la mwisho katika riwaya ndilo lililo karibu zaidi na kazi yetu. Sheppard anaandika muswada wa kesi akitumai kwamba utakuwa kumbukumbu ya kushindwa kwa Poirot. Poirot anaomba kuusoma, anausoma wakati kesi ingali wazi, na anamsifu mwandishi kwa unyenyekevu wake wa kujiweka nyuma. Sifa hiyo ni shoka. Poirot ametambua kwamba mtu aliyekuwapo kila mahali amejifuta mno. Nyayo na majivu yana kazi yake, lakini ushahidi mkuu umo katika kuhakiki matini. Mpelelezi ni mhakiki, na mhakiki mwema ni yule anayeuliza msimulizi amenyamazia nini.

Mashtaka

Sasa tuitazame sehemu ya runinga. Waandaaji hawakuuacha kabisa wazo la maandishi ya muuaji. Wamelibadilisha kuwa shajara, na shajara hiyo anaisoma Poirot mwenyewe kwa sauti yake. Tangu dakika za mwanzo, basi, tunajua kwamba kuna muuaji aliyeandika. Hatujui jina lake tu. Sheppard, akiigizwa na Oliver Ford Davies, tunamwona kwa nje, mmoja kati ya watu wa kijiji. Hatuketi naye, hatuoni kwa macho yake, wala hatumdai neno lolote kwa kuwa hakutuahidi lolote. Inspekta Japp, ambaye hayumo katika riwaya hii hata kwa jina, ameletwa kuwa mwandani wa Poirot. Kiti cha Hastings kimepewa mtu ambaye hakuna anayeweza kumshuku.

Hili ndilo shtaka la kwanza, nalo ndilo kubwa. Katika riwaya, swali la nani aliyemwua Ackroyd limefichwa nyuma ya swali ambalo hatukujua kwamba tunapaswa kuliuliza: ni nani anayesema nasi? Runinga imelitoa swali la pili nje na kulitundika ukutani kama tangazo. Imebaki na la kwanza, ambalo pasipo la pili ni fumbo la kawaida lenye washukiwa wachache, kwani baadhi ya wahusika wa riwaya wameondolewa.

Shtaka la pili linahusu lugha ya shajara hiyo. Sheppard wa riwaya ni mtu mkavu, mwenye dhihaka ya chini kwa chini, anayewacheka majirani na kujicheka mwenyewe. Tunampenda. Mwandishi wa shajara ya runinga amejaa nyongo: anawadharau watu wa kijiji na kuwachukia. Mtazamaji anaisikia chuki hiyo kabla ya kujua ni ya nani, na tangu hapo anajua kwamba muuaji ni mtu wa aina nyingine, mtu mwenye sumu moyoni, si kama yeye. Christie alisema kinyume kabisa. Muuaji wake ni dhaifu, mwenye tamaa ya fedha, aliyeishi kwa adabu miaka mingi na ambaye angeendelea kuishi hivyo lau fursa isingempitia mlangoni. Hana sauti ya pekee ya uovu. Ana sauti yetu. Runinga imeuondoa uovu sebuleni ikaupeleka nje ya ua.

Shtaka la tatu ni la vurugu. Katika riwaya Sheppard anaua mara moja, kimya, kisha anahudhuria kila kikao kwa utaratibu. Katika runinga anamgonga Parker, mtumishi wa Ackroyd, kwa gari na kumwua. Mwisho wa riwaya ni mazungumzo ya watu wawili usiku katika chumba kimoja. Poirot anamwambia tabibu kwamba ukweli utafika polisi asubuhi, na kwamba, kwa ajili ya Caroline, kuna njia nyingine. Kisha Sheppard anaketi na kuandika sura ya mwisho, akitueleza bila majuto makubwa pale alipotudanganya na jinsi anavyojivunia uandishi wake. Runinga imetupa badala yake ufukuzani na milio ya risasi ndani ya kiwanda cha kemikali, na tabibu anajipiga risasi.

Wengine watasema kwamba hilo ni suala la ladha tu. Hatukubali. Mwisho wa riwaya unatuachia swali zito la kimaadili: je, Poirot ana haki ya kumpa mkosaji mlango wa kutokea ambao sheria haikumpa? Je, kumficha Caroline ukweli ni huruma au ni kumdharau? Caroline si mhusika wa kupuuzwa. Ni mwanamke anayepata habari zote za kijiji bila ya kutoka nje, na Christie mwenyewe alieleza katika tawasifu yake kwamba alimpenda sana, na kwamba huenda ndiye aliyekuwa chimbuko la Miss Marple. Kinaya cha riwaya ni kwamba mwanamke anayejua kila kitu halijui lililo mezani pake. Risasi zinapolia kiwandani, swali hilo linakufa. Hapana tena siri ya kumfichia yeyote, hapana uamuzi wa Poirot wa kuujadili, na hapana msimulizi wa kuandika sura ya mwisho. Ackroyd aliuawa na Sheppard mara ya kwanza. Mara hii aliuawa pamoja na Sheppard, na aliyewaua ni aliyeshika kalamu ya mchezo.

Utetezi wanaoutoa

Kuna tetezi tatu ambazo husikika kila suala hili linapozuka, na inafaa tuzijibu moja baada ya nyingine.

Utetezi wa kwanza unasema kwamba kamera haina nafsi ya kwanza. Kitabu kinaweza kujificha nyuma ya neno "mimi", lakini filamu hulazimika kumwonyesha mtu, na ukimwonyesha umekwisha kumtoa nje ya usimulizi. Kwa hiyo, inadaiwa, riwaya hii haiigiziki, na Exton alifanya alichoweza.

Historia ya filamu inaukana utetezi huu. Katika Double Indemnity ya Billy Wilder, iliyotoka mwaka 1944, muuaji anaketi mbele ya diktafoni na kutusimulia kisa chote kwa sauti yake. Ni ajabu kwamba diktafoni ndicho chombo alichokitumia Sheppard kuwafanya watu wadhani kwamba Ackroyd bado yu hai; kifaa cha msimulizi muuaji kilikuwa tayari ndani ya riwaya kikingoja kutumiwa. Mwaka 1950 Alfred Hitchcock, katika Stage Fright, alituonyesha kwa picha masimulizi ya mhusika ambayo baadaye yanadhihirika kuwa ni ya uongo, na Akira Kurosawa, katika Rashomon, akaonyesha tukio moja kwa ndimi nne zinazopingana. Mwaka 1995 The Usual Suspects ilijengwa nzima juu ya kinywa cha mtu mmoja. Kamera inajua kusema "mimi", na inajua kusema uongo. Kinachohitajika ni mwandishi anayetaka iseme.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Mfululizo wa Poirot wenyewe unatoa ushahidi dhidi yake. Katika Five Little Pigs ya mwaka 2003, kesi ya zamani inafunuliwa kupitia kumbukumbu za watu watano, na kamera inabadili mwendo na mwanga wake ili tujue kwamba tunachokiona ni ushuhuda, si ukweli mtupu. Katika Curtain, sehemu ya mwisho ya mwaka 2013, tunabaki na Hastings katika kutojua kwake mpaka barua ya Poirot inapomfikia. Kazi iliyoweza kufanya hayo ingeweza kumweka Sheppard kando ya Poirot tangu onyesho la kwanza, ikampa sauti ya kutusimulia, ikakata picha pale mlangoni pa chumba cha Ackroyd, na kutuacha tuzimeze dakika kumi bila ya kuzihesabu. Ukataji wa picha ndio paralipsi ya filamu. Kila mhariri wa filamu anaufanya kila siku, na hapa ndipo ulipohitajika kuliko mahali pengine popote.

Mataifa mengine yamejaribu. Mwaka 2002 nchini Urusi, Sergei Ursuliak aliongoza toleo la runinga ambalo jina lake lina maana ya "Kushindwa kwa Poirot". Jina hilo pekee linaonyesha msomaji makini, kwa sababu limechukuliwa kutoka katika tumaini la Sheppard mwenyewe. Mwaka 2018 nchini Japani, mwandishi Koki Mitani alikihamishia kisa hiki katika mazingira ya Kijapani, na tabibu wake akabaki kuwa mwandani wa mpelelezi. Ni kinaya kwamba nchi mbili za mbali zilimwekea msimulizi wa Christie kiti, hali nyumbani kwao alinyang'anywa.

Tukubali, hata hivyo, kwamba kosa la 2000 lina babu yake. Mwaka 1928 riwaya hii ilifanywa mchezo wa jukwaani London kwa jina la Alibi, Charles Laughton akiwa Poirot. Msimulizi aliondolewa huko huko, na Caroline akageuzwa kuwa msichana mrembo, jambo ambalo Christie hakulifurahia. Filamu ya mwaka 1931 ikafuata mchezo huo. Lakini kosa halihalalishwi na umri wake. Jukwaa la 1928 halikuwa na sauti ya nje ya picha wala mkato wa kamera. Runinga ya 2000 ilikuwa navyo vyote.

Utetezi wa pili ni wa wenzetu wa nadharia. Wanasema kwamba kuidai filamu iwe aminifu kwa kitabu ni uhakiki wa kizamani. Kila urekebishaji ni matini mpya yenye haki zake. Tunakubaliana nao kabisa, na ndiyo maana hatujailaumu sehemu hii kwa kumleta Japp au kwa kumpunguza mhusika huyu au yule. Curtain na Five Little Pigs nazo zilibadili mambo. Swali letu ni moja: matini mpya imeweka nini mahali pa ilichokiondoa? Ikiwa iliondoa msimulizi mdanganyifu ikaweka udanganyifu mwingine unaofaa kwa picha, tungeipigia makofi. Iliweka gari na bastola. Matini mpya ina haki zake, na miongoni mwa haki hizo ni kuhakikiwa kama matini.

Utetezi wa tatu ni ule wa dharau: kwamba hii ni fasihi pendwa, tena fasihi pendwa iliyopitia runinga, na kwamba hasira ya mhakiki ingetumiwa mahali pengine. Edmund Wilson aliwahi kuuliza, katika makala yake ya mwaka 1945, nani anajali ni nani aliyemwua Roger Ackroyd. Jibu letu ni kwamba msomaji akiwa yeye mwenyewe amehusishwa katika mauaji, hana budi kujali. Na mwaka 1998 Pierre Bayard, mhakiki wa Kifaransa, aliandika kitabu kizima kudai kwamba Poirot alikosea na kwamba Sheppard hakuwa muuaji, bali alikuwa akimkinga Caroline. Mtu anaweza kuikubali au kuikataa hoja hiyo. La muhimu ni kwamba matini ya 1926 ingali na nyufa za kutosha kuzaa kitabu cha namna hiyo baada ya miaka 72. Hakuna atakayeandika kitabu cha namna hiyo juu ya sehemu ya 2000, kwa kuwa haina ufa wowote. Imeziba kila kitu kwa risasi.

Yanayotuhusu

Mtu anaweza kuuliza jambo hili linaihusu vipi idara ya Kiswahili. Linatuhusu kwa njia mbili.

Kwanza, riwaya yetu ya upelelezi ni ndugu wa damu wa riwaya hiyo. Muhammed Said Abdulla, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale yake ilichapishwa mwaka 1960, alimjenga Bwana Msa kwa kielelezo cha Sherlock Holmes na kumpa mwandani, Najum, kama vile Holmes alivyokuwa na Watson. Jozi hiyo ya mpelelezi na mwandani tumeifundisha kwa miaka mingi, na mara nyingi tumeifundisha kana kwamba mwandani ni pambo. Ronald Knox, alipotunga kanuni zake za riwaya ya upelelezi mwaka 1929, aliweka sharti kwamba mwandani asimfiche msomaji mawazo yake. Kanuni huwekwa pale ambapo hatari imekwisha kuonekana. Christie alikuwa ameonyesha miaka mitatu kabla kwamba mwandani ndiye mwenye mamlaka makubwa kuliko wote, kwani yeye ndiye anayeamua tuone nini.

Pili, na hili ndilo linalouma, uhakiki wetu una mazoea ya kumchukua msimulizi wa nafsi ya kwanza kuwa kipaza sauti cha mwandishi. Mwanafunzi anaisoma Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1974, na kila anachokisema Kazimoto kuhusu maisha, wanawake au Mungu anakinukuu kama falsafa ya Kezilahabi. Haulizi kama Kazimoto anastahili kuaminiwa. Haulizi anaruka nini. Anaona kwamba msimulizi ni msomi, anazungumza kwa ufasaha, anajieleza bila woga, na hilo linatosha. Hizo ndizo sababu zilizotufanya tumwamini Sheppard: ni tabibu, ni mtulivu, anaandika vizuri.

Katika ngano zetu fanani huanza kwa "Paukwa!" na hadhira hujibu "Pakawa!" Tunapowaeleza wanafunzi, tunauita ufunguzi huo mapambo ya fani. Tungeuita mkataba. Anayejibu amekubali kuongozwa, na aliyekubali kuongozwa ana jukumu la kuangalia anapelekwa wapi. Christie alimtaka msomaji ajibu, kisha akamwonyesha gharama ya kujibu bila ya kufikiri. Hilo ni somo la usomaji ambalo sijui kitabu cha nadharia kinachoweza kulitoa kwa ukali kama huo. Runinga ilipata nafasi ya kulifikisha somo hilo kwa mamilioni ya watu ambao hawatamsoma Genette wala Booth. Ilichagua kuwaambia kwamba mwongo hutambulikana kwa sauti yake ya chuki, na kwamba mwisho wake ni kukimbizwa mpaka akapatikana. Watu wanaolishwa hivyo hawatajilinda dhidi ya waongo wenye sauti nzuri, nao ndio wengi.

Hitimisho

Tumedai kwamba sehemu ya 2000 haikukosea kwa kubadili riwaya, bali kwa kuuondoa usimulizi ambao ndio uliokuwa kosa lenyewe la jinai, na kwa kuweka mahali pake muuaji mwenye alama usoni. Tumeonyesha kwamba udhuru wa kamera haufai, kwa kuwa filamu tangu miaka ya 1940 ilijua kusimulia kwa kinywa cha mwongo, na mfululizo huu wenyewe ulikuja kuonyesha ustadi wa namna hiyo baadaye. Suchet hana lawama; aliigiza alichopewa. Lawama ni ya uamuzi wa kumtoa mtazamaji katika hatari.

Kwa mwalimu anayetafuta njia ya kuitumia hasara hii, tunapendekeza jambo jepesi. Wanafunzi wapewe riwaya kwanza, waisome hadi mwisho, kisha warejee katika aya ya mlango na kuhesabu dakika. Baada ya hapo waonyeshwe sehemu ya runinga, waulizwe ni wapi kamera ingeweza kunyamaza na haikunyamaza. Zoezi likimalizika, wapewe Kichwamaji, na waanze upya na swali lile lile: Kazimoto anapotusimulia, dakika zake kumi ziko wapi?